Kompyuta mpya inapovuma kama mashine ya kusaga

Kompyuta mpakato mpya ikiingia kwenye nyumba Karatu, mara nyingi nyuma yake yapo magunia kadhaa ya vitunguu vya Mang'ola, au maharage yaliyouzwa kabla ya bei kupanda, au akiba ya miezi mingi ya mzazi anayefanya kazi kwenye hoteli za njia ya kwenda Ngorongoro. Imenunuliwa kwa ajili ya kijana anayeanza chuo, au mama mwalimu anayejiendeleza. Siku ya pili usiku inaanza kuvuma kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Swali la kwanza linaloulizwa huwa halihusu ufundi hata kidogo: "Umeifanya nini?"

Kijana anajitetea kwamba hajaigusa vibaya. Mzazi anaona fedha zake zinateketea. Kama ni nyumba ya chumba na sebule, kuna mtoto mchanga anayeshtuka usingizini. Basi inatolewa amri kwamba kompyuta isitumike usiku, wakati usiku ndio saa ambayo kazi za nyumbani zimeisha na bando ni nafuu. Wazazi wengine huenda mbali zaidi, wanaipeleka kwa fundi wa jirani aifungue "aangalie", na mashine ya wiki moja inapoteza waranti yake kwa sababu ya kelele ambayo huenda ingeisha yenyewe.

Mara nyingi kijana hana kosa. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, na prosesa ikifanya kazi inatoa joto. Joto hilo hupelekwa kwenye vipande vyembamba vya chuma vilivyo kando ya feni, na feni husukuma hewa ipite hapo na kulitoa nje. Kazi ikizidi joto linapanda, na feni inaongeza kasi. Kompyuta mpya ina kazi nyingi ambazo mwenye nayo hazioni. Inapakua masasisho ya Windows, inayasimika, inakagua virusi, inaorodhesha mafaili yote ili yatafutike haraka. Mahali penye intaneti ya kasi shughuli hizo zinaweza kuisha ndani ya siku moja. Kwa nyumba inayotegemea bando la simu, zinakatika na kuanza upya, na uvumaji unaburuzwa wiki nzima.

Dawa yake ni kuiacha imalize. Ichomekwe kwenye umeme mchana, iwekwe mezani ikiwa wazi, iunganishwe na bando la kutosha, masasisho yaingie yote, izimwe na kuwashwa tena. Baada ya hapo kelele iliyobaki ndiyo ya kushughulikia.

Karatu na Ngorongoro zina jambo lao ambalo wauzaji wa Arusha au Dar es Salaam hawalitaji. Karatu mjini ni karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta unafika karibu mita 2,300. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Ukingoni ni pungufu kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na pwani, kwa hiyo kila mzunguko wa feni unabeba joto pungufu na feni inalazimika kukimbia zaidi. Watengenezaji wengi huandika kwamba mashine zao zinaweza kufanya kazi hadi mita 3,000 hivi, kwa hiyo hakuna hatari. Tena baridi ya huko hufidia sehemu ya upungufu huo.

Tatizo ni kwamba baridi hiyo hiyo inamfukuza mwanafunzi mezani. Mwezi wa Juni na Julai, nani atakaa kwenye kiti saa nne usiku? Anapanda kitandani, anajifunika blanketi, anaiweka kompyuta juu ya mapaja au godoro. Kompyuta nyingi huvuta hewa kwa matundu ya chini, na zingine huitoa karibu na bawaba za kioo. Blanketi likiziba chini, mashine inavuta tena joto lake yenyewe. Feni inapiga kelele, kisha prosesa inajipunguzia kasi ili isiungue, na mwanafunzi analalamika kwamba kompyuta ni nzito. Huko ukingoni, anayetumia blanketi kuipa mashine "joto" isipate baridi anaidhulumu kabisa.

Ubao unatosha. Kipande cha mbao ngumu au sinia kubwa la bati chini ya kompyuta hutenganisha matundu na blanketi. Mezani, vizibo viwili vya chupa vikiwekwa chini ya miguu ya nyuma vinaiinua kidogo na hewa inapita. Ni jambo dogo la bure, na ndilo la kujaribu kabla ya kununua vile vibao vya kupoozea vyenye feni zake, kwa sababu feni nyingine nayo ni kelele nyingine.

Lipo pia vumbi jekundu. Kiangazi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, na wanaoishi kando ya barabara za udongo zinazopitwa na magari ya watalii wanalijua zaidi. Kwenye kompyuta linajikusanya kati ya vile vipande vya chuma na kuziba njia ya hewa. Mashine ifunikwe kwa kitambaa safi ikiwa imezimwa, na kila baada ya miezi michache matundu yasafishwe kwa brashi laini, kompyuta ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa. Kopo la hewa ya kupulizia likipatikana, lipulizwe kidogo kidogo. Asipuliziwe mtu kwa mdomo, maana mate yanaingia. Na kompresa ya fundi pancha ni marufuku: ina unyevu, na nguvu yake inaizungusha feni kupita uwezo wa beringi zake.

Upande wa mipangilio, hatua moja inaleta nafuu kubwa. Kwenye Windows 11, sehemu ya umeme na betri, pameandikwa "Power mode". Ikichaguliwa "Best power efficiency", prosesa inaacha kurukaruka kasi, joto linashuka na feni inatulia. Kuandika kazi ya chuo au kusoma nyaraka hakutahisi tofauti. Kwa familia za Endulen au kwingineko zinazotumia umeme wa jua, hatua hiyo inaokoa na betri pia. Mvumo ukizidi bila sababu, vitufe Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja huonyesha ni programu ipi inakula prosesa. Mara nyingi ni kivinjari chenye kurasa thelathini zilizoachwa wazi, na video moja inayojicheza yenyewe nyuma yao.

Kupunguza kidogo kunasikika sana. Feni ikizunguka kwa nusu ya kasi, kelele yake hushuka kwa takribani desibeli 15, na sikio la aliyelala linaijua tofauti hiyo. Lakini programu za kuilazimisha feni isimame ziachwe. Feni ikinyamaza na joto limebaki, vifaa vya ndani ndivyo vinavyolipa.

Zipo kelele ambazo si za kuvumilia. Mvumo wa upepo unaopanda na kushuka ni kazi. Mkwaruzo, mgongano wa "tik tik", au mlio unaoanza dakika ileile ya kuwasha na kubaki vilevile hata bila programu yoyote ni ugonjwa wa feni, na mashine irudishwe dukani na risiti yake ya EFD kabla fundi yeyote hajagusa skrubu. Inafaa kurekodi mlio huo kwa simu, kwa sababu mashine ikifika dukani ina tabia ya kunyamaza.

Hapo hujitokeza jambo lingine. Kompyuta nyingi zinazoitwa mpya kwa mazungumzo ni za mtumba, zimetumika nje miaka kadhaa, zikasafishwa na kung'arishwa. Ndani yake vumbi linaweza kuwa la nchi nyingine, na ile grisi inayopitisha joto kati ya prosesa na chuma chake imekauka. Mashine ya namna hiyo ikivuma, fundi mwenye ujuzi anaweza kuisafisha na kupaka grisi mpya, na mara nyingi inatulia. Mnunuzi aulize kabla ya kulipa, na aiache iwake dukani nusu saa video ikicheza, akiwa ameweka sikio karibu.

Kwa nyumba ambayo kimya ni lazima, zipo mashine zisizo na feni kabisa. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, ambavyo baadaye walimu waligawiwa, havivumi kwa sababu hiyo. MacBook Air zilizotoka tangu mwishoni mwa 2020 nazo hazina feni, ingawa bei yake itahitaji vitunguu vya misimu zaidi ya mmoja.