Je, mwanao anaijua njia ya kwenda kituo cha polisi?

Mzazi mwenzangu, leo jioni mwulize mwanao hivi: ukitoka hapa peke yako, utapita wapi hadi kituo cha polisi? Hata anayeshika namba moja darasani anaweza kukwama. Tumemzoesha kutafuta habari kwenye daftari tu.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, swali hilo si la mchezo. Msimu wa ukeketaji huko huwa mwishoni mwa mwaka, shule zikiwa zimefungwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na mkosaji anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15. Hata hivyo, wapo wasichana wanaolazimika kutoroka usiku. Anayekwenda kuwaokoa lazima ajue kijiji kilipo, na vijiji vingi vya huko havikuwa vimechorwa vizuri kwenye ramani.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walitazama picha za setilaiti na kuchora barabara na nyumba kwenye ramani ya OpenStreetMap, ambayo kila mtu anaweza kuitumia bure. Lakini picha ya angani haijui jina la kitongoji. Mwenyeji ndiye anayelijua. Basi wenyeji wakafundishwa kutumia simu kuweka majina ya vijiji, shule, zahanati na maduka.

Shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Mugumu na Butiama. Limetumia ramani hizo kuwafikia wasichana walio hatarini.

Hayo ni masomo ya habari: kuikusanya, kuihakiki na kuitumia. Yamefanyika kwa miguu, macho na mdomo. Hata bibi asiyejua kusoma ni mwalimu hapo, maana anajua kivuko cha mto na njia ya mkato.

Nyumbani unaweza kuanza hivi:

• Chora na mwanao kijiji chenu mchangani, kisha mtembee mkione mlichosahau.

• Akileta habari, mwulize: nani kakwambia, naye alijuaje?

• Igizeni kupiga simu 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Ajizoeze kutaja kijiji, kitongoji na alama iliyo karibu.

Tuseme ukweli: msichana anayetoroka ukeketaji mara nyingi anawakimbia watu wa nyumbani kwake. Ndiyo maana somo hili linatupima sisi wazazi kwanza. Mpe mwanao njia na namba hiyo, azishike kichwani, halafu ishi naye kwa namna ambayo hatahitaji kuzitumia dhidi yako.