Georgetown 1988-89: kocha alitoka uwanjani juu ya nafasi ya masomo

Kila mtu hapa anamjua Dikembe Mutombo wa NBA, yule wa kidole. Leo ninapenda tuangalie msimu wake wa kwanza chuoni Georgetown, Washington, kwa sababu kuko jambo ndani yake linalotugusa sisi watu wa diploma.

Kwanza tuelewane namna inavyokwenda. Kule Marekani timu ya chuo si klabu. Mchezaji ni mwanafunzi, halipwi mshahara (wakati ule njo ilikuwa hivyo), ila chuo kinamlipia masomo, chumba na chakula. Ana misimu minne tu ya kucheza. Msimu unaanza Novemba, na wakati ule mwezi wa Machi timu 64 ziliingia mashindano ya taifa: ukipigwa mara moja, unarudi nyumbani.

Mutombo hakuitwa kwa ajili ya basketi. Alitoka Kinshasa mwaka 1987 na ufadhili wa serikali ya Marekani, akitaka kusomea udaktari. Mwaka wa kwanza hakucheza. Kiingereza kilikuwa bado kigumu. Aliingia timu msimu wa 1988-89, pembeni ya Alonzo Mourning, na katika mechi moja dhidi ya St. John's alipiga kontre 12. Kumi na mbili, mtu mmoja!

Lakini jambo kubwa la ule msimu halikufanyika na mpira. Januari 1989, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilipitisha kanuni iliyoitwa Proposition 42. Tayari tangu 1986, kijana asiyefikia alama fulani za sekondari na za mtihani wa kuingia chuo hakuruhusiwa kucheza mwaka wa kwanza. Lakini aliyefikia sharti moja kati ya hayo mawili aliweza bado kulipiwa masomo, akae darasani ajipange. Kanuni mpya ilitaka kumnyima hata pesa hiyo.

Waliotetea kanuni hawakuwa wajinga. Vyuo vingi vilichukua vijana, vikawachezesha miaka minne, kisha vikawaacha bila diploma. Ila dawa yenyewe, juu ya nini imwangukie mtoto? Mtihani ule ulitungwa kwa yule aliyesoma shule nzuri. Kijana wa mtaa maskini, mara nyingi mweusi, angefungiwa mlango kabla hajaingia. Sisi tuliosoma tukiwa tumefukuzwa darasani juu ya minervali hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kocha John Thompson, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kushinda ubingwa huo kama kocha mkuu (1984), alipinga waziwazi. Tarehe 14 Januari, kabla tu mechi na Boston College haijaanza, alisimama akatoka uwanjani. Wachezaji wakabaki na wasaidizi wake. Alirudi benchini baada ya viongozi wa NCAA kukubali kuliangalia jambo upya. Mwaka 1990 kanuni ililegezwa: kijana wa namna hiyo aliweza kupata msaada kulingana na umaskini wa familia yake, mradi usitoke kwenye fungu la michezo.

Na timu? Iliendelea vizuri sana, ushindi 29 na kushindwa mara 5. Machi nusura ipate aibu ya karne: Princeton, timu iliyopangwa ya mwisho kabisa katika kundi lake, iliongoza kwa pointi nane wakati wa mapumziko. Georgetown ikaponea kwa 50-49, Mourning akizuia mipira ya mwisho. Safari iliishia kwa Duke, 85-77, hatua moja kabla ya nusu fainali.

Ofisini kwake Thompson aliweka mpira uliotolewa upepo, ili wachezaji wauone kila wakiingia. Na hakuishia kwenye mpira wa mapambo: kati ya wachezaji wake 77 waliokaa miaka yote minne, 75 walipata diploma.

Mutombo ni mmoja wao. Udaktari aliuacha, lakini mwaka 1991 alimaliza lugha na diplomasia, akaenda Denver. Hospitali aliyosaidia kujenga Kinshasa, yenye jina la mama yake, ilifunguliwa 2007.