Raspberry Pi 3 B+: Imeandikwa gigabiti, mbona inatoa 300?

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3 Model B+ ilipotoka Machi 2018, wengi waliona neno "gigabiti" kwenye sifa zake wakajua watapata megabiti 1,000 kwa sekunde. Wakachomeka waya wa mtandao, wakapima, ikaja kama 300 hivi.

Waya hauna kosa. Kwenye bodi hiyo chipu ya mtandao haikuunganishwa moja kwa moja na prosesa, inapitia USB 2.0, ambayo hata kwenye makaratasi mwisho wake ni megabiti 480. Watengenezaji wenyewe waliandika kuwa kikomo ni 300, ila maandishi madogo nani anayasoma?

Na njia hiyo hiyo inagawanywa na matundu yote manne ya USB. Mtu akichomeka diski ya nje ili watu wa nyumbani waangalie filamu zilizomo, data inatoka kwenye diski na kwenda mtandaoni kwa kupitia mlango mmoja. Kasi inashuka tena. Kwa kufungua kurasa tu hakuna atakayeona tofauti. Kwa kuhamisha mafaili makubwa ndipo inapouma.

Wengine huchanganya megabiti na megabaiti. Baiti 1 ni biti 8, kwa hiyo 300 hizo ni kama megabaiti 37 tu kwa sekunde.

Raspberry Pi 4 ya 2019 iliupa mtandao njia yake, na vipimo hufika karibu 940. Ikigoma kuvuka 100, hapo sasa waya ukaguliwe: gigabiti inahitaji nyuzi zote 8 za ndani, na ukikatika mmoja tu kasi inaweza kuangukia 100.