Asiyeamini Mungu na dua za majirani

Isipingo, kusini mwa jiji la Durban nchini Afrika Kusini, ni mji wa mahekalu ya Kihindu, misikiti na makanisa. Humo wanaishi pia wahamiaji kutoka Kongo na Burundi, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Katika mazungumzo yao jina la Mungu halikosekani: watu wakiamkiana, kazi ikipatikana, mtu akifariki dunia.

Je, yule asiyeamini kwamba Mungu yupo ajibu nini?

Swali hilo si la anasa. Mwezi Aprili mwaka 2015, ghasia dhidi ya wageni zilipoikumba Durban, waliokimbia makazi yao walihifadhiwa katika kambi ya muda papo hapo Isipingo. Katika hali kama hiyo anayekuja na blanketi aghalabu ni mtu wa kanisani au msikitini. Kumjibu kwa ukali ni utovu wa shukrani, ilhali kujifanya muumini kila siku nako kunachosha nafsi.

Lugha yenyewe inasaidia. Shikamoo, kwa asili yake, huelezwa kuwa ni "nashika miguu yako", lakini hakuna anayeinama kuishika. Vivyo hivyo, anayesema "inshallah" anapopanga miadi mara nyingi anakiri tu kwamba kesho haiko mikononi mwake. Asiyeamini anaweza kulisema neno hilo bila kujiona mnafiki.

"Mungu akubariki" ni dua ya mtu anayekutakia mema. Yatosha kusema: "Ahsante mama, nami nakutakia heri." Salamu ya "Bwana asifiwe" ni ngumu kidogo, kwa kuwa inasubiri "Amina", hata hivyo, "Karibu mama, habari za nyumbani?" ikitamkwa kwa uchangamfu haimuudhi mtu. Msibani, anayekwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu hakuanzisha mjadala. Mshukuru kwa kuja.

Lakini kuna mpaka. Ukiombwa uongoze sala ya chakula, ni haki yako kumwachia mwingine, nawe ukae kimya. Kunyamaza wakati wenzako wanasali ni adabu, si ibada. Na mgonjwa akiambiwa aache dawa za kupunguza makali ya UKIMWI kwa sababu ameshaombewa, hapo upole umefika mwisho. Sharti useme waziwazi kwamba dawa zisiachwe, hata kama msemaji ana nia njema kabisa.

Linabaki swali ambalo kila Mwafrika Mashariki amewahi kuulizwa: "Unasali wapi?" Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, kifungu cha 15, inalinda uhuru wa dhamiri na wa imani, ya Kenya ya mwaka 2010 inaulinda pia, na katika sensa ya mwaka 2019 Wakenya zaidi ya 755,000 walihesabiwa kuwa hawana dini. Sheria, hata hivyo, haimzuii jirani kukutazama kwa mshangao. "Mkana Mungu" husikika kama shitaka mahakamani. "Mimi sina dini, lakini nawaheshimu wanaosali" husikika kama maelezo tu.

Yamkini mama huyo atajibu: "Basi nitakuombea." Mshukuru, kisha umuulize hali ya wajukuu.