Paka wa rangi tatu na seli zisizosahau

Ukimwona paka mwenye mabaka meusi, meupe na ya rangi ya chungwa amejilaza juu ya mabati mtaani, sema tu ni wa kike. Karibu kila mara utakuwa umepatia, hata bila kumkaribia.

Siri iko kwenye kromosomu. Paka jike ana kromosomu X mbili, dume ana X moja na Y moja. Jeni inayoamua kama manyoya yatakuwa ya chungwa au meusi inakaa kwenye X. Kwa hivyo dume hupata rangi moja kati ya hizo mbili, basi. Jike anaweza kurithi zote mbili, moja kwa mama na nyingine kwa baba. (Ule weupe unatokana na jeni nyingine kabisa, tuuache.) Jeni yenyewe ilisumbua watu miaka mingi. Ni mwaka 2025 tu ambapo makundi mawili ya watafiti, moja la Japani na lingine la Marekani, yalichapisha jina lake: ARHGAP36.

Sasa, mbona rangi hizo mbili hazichanganyiki zikawa kitu kama chai ya maziwa? Jibu alilitoa Mary Lyon, mwanasayansi wa Uingereza aliyekuwa akichunguza panya, mwaka 1961. Alisema kwamba mimba ikiwa bado changa, kila seli ya jike huzima X moja kati ya zile mbili. Inachagua kama mtu anayerusha shilingi. Seli hii inazima ya baba, jirani yake inazima ya mama. Dada unayesoma hapa, na wewe pia mwili wako uko hivyo, ni vile tu hauna manyoya ya kutuonyesha.

Lakini kurusha shilingi si ndiyo ajabu yenyewe. Ajabu ni kwamba hairushwi tena. Seli ikishazima X ya baba, watoto wake wote wataizima hiyo hiyo, na wajukuu, na vitukuu, hadi paka azeeke. Baka la chungwa mgongoni ni ukoo wa seli zinazotii uamuzi uliofanywa kabla paka hajazaliwa. Nani anawakumbusha?

Herufi za DNA hazitoshi kueleza, kwa sababu X iliyozimwa haijafutwa hata herufi moja. Kilichoongezwa ni alama. Mojawapo ni kipande kidogo cha kemikali kinachoitwa methili, ambacho hubandikwa juu ya herufi C, hasa pale inapofuatwa na G. Jeni ikibandikwa methili nyingi mahali inapoanzia, kwa kawaida hunyamaza.

Shida inakuja seli inapogawanyika. Fikiria unakopi noti za mwenzako kwa mkono. Maneno utayapata yote, lakini ile rangi aliyopaka kwenye mistari muhimu inabaki kwenye daftari lake. DNA ni hivyo hivyo. Nyuzi zake mbili huachana, na kila moja huandikiwa mwenzake mpya. Uzi wa zamani una methili zake, mpya ni mweupe pe.

Mwaka 1975, Arthur Riggs nchini Marekani, na Robin Holliday na John Pugh nchini Uingereza, kila upande kivyake, walikisia suluhisho. Ukisoma CG kwenye uzi mmoja, uzi wa pili ulioukabili nao una CG, ukiusoma kinyume. Kwa hivyo kukiwa na kimeng'enya kinachopita nyuma ya kazi, kikiona alama upande mmoja tu, kinabandika upande wa pili. Walipatia. Kimeng'enya hicho leo kinaitwa DNMT1. Kuna pia alama kwenye protini ambazo DNA imejizungushia: zile za zamani hugawanywa kwa seli zote mbili, kisha vimeng'enya vingine huzisoma na kujaza mapengo.

Kumbukumbu hii ni ngumu kufuta. Desemba 2001, huko Texas, alizaliwa paka wa kwanza duniani wa kunakiliwa, akaitwa CC. Kiini cha seli alimotoka kilikuwa cha Rainbow, paka wa rangi tatu. CC akatoka na milia ya kijivu-kahawia na weupe, bila chungwa hata chembe! DNA ni ile ile, ila seli waliyoichukua ilikuwa imeshazima X yenye chungwa, na hata kuanza maisha upya hakukuiwasha. Anayetaka kulipa pesa amrudishiwe paka wake aliyekufa, hapo afikirie mara mbili.

Kwa binadamu, kumbukumbu hiyo hiyo inaweza kuua. Kuna jeni zinazofanya kazi ya breki, zinazuia seli isigawanyike ovyo. Breki ikibandikwa methili kimakosa, inanyamaza, na DNMT1 ananakili kosa hilo kwa uaminifu ule ule. Hivyo ndivyo saratani nyingine zinavyosukumwa mbele, herufi za jeni zikiwa sawa kabisa.

Ndipo dawa ya azacitidine ilipopata kazi. Ilitengenezwa Prague miaka ya 1960, na Marekani iliidhinisha mwaka 2004 itibu ugonjwa wa uboho unaoweza kugeuka saratani ya damu. Inajifanya herufi C, inaingizwa kwenye DNA mpya, na DNMT1 akija kubandika alama ananasa hapo hapo. Haizifuti alama za zamani. Inazuia tu zisinakiliwe, ili kila mgawanyiko uzipunguze. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kudungwa miezi kadhaa kabla ya daktari kuona tofauti: dawa inangoja seli zigawanyike.