Saiba ina mashine tano? Zilinde kwa skrini moja

Una saiba pale Loitokitok, mashine tano kwenye mtandao mmoja, kila moja na antivairasi yake ya bure? Huo si ulinzi, ni bahati tu.

Kumbuka WannaCry, Mei 2017. Kirusi hicho kiliruka chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, kikafunga faili na kudai pesa. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi. Wengi hawakukiweka.

Ndio maana unataka antivairasi inayosimamiwa kutoka mahali pamoja. Skrini moja inakuonyesha mashine ipi haijasasishwa, flashi ya mteja imeleta nini, na nani amezima ulinzi ndio gemu iende mbio.

Kabla ya kulipa, uliza. Itamaliza bando? Tafuta inayoshusha masasisho mara moja kisha kuyagawia mashine zingine. Mashine kuukuu itaganda? Omba muda wa majaribio. Nenosiri la msimamizi ni la nani? Likiwa kwa fundi wa Kitengela pekee, siku akizima simu umekwama.

Na usicheze na vitambulisho ulivyoskani. Vikiibwa na wenyewe wakawa hatarini, sheria ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data.