Ukitaka Chozi Islii, Panda Mshubiri

Kama unaishi Islii, ndege unaowajua vizuri pengine ni kunguru na yale makorongo makubwa ya jalalani. Kuna mwingine: chozi. Ni mdogo kuliko shomoro, mdomo mwembamba uliopinda, na dume lake linameta kuliko kitambaa chochote cha Jam Street. Shida ni kwamba chozi anataka maua, na sisi tumemwaga simiti kutoka First Avenue hadi Section Three.

Shamba lililobaki ni paa la ploti yenu. Lakini maji? Wewe unayenunua mtungi wa lita 20 mgao ukibana huwezi kumwagilia waridi huku nguo za wiki nzima zinakungoja.

Ndiyo maana nakwambia, tafuta mshubiri wa Kedong. Sio aloe vera ya kwenye losheni, hiyo asili yake ni Arabuni. Huu ni wa Kenya, jina lake linatokana na Bonde la Kedong huko Rift Valley, na ukiuacha unakuwa kichaka kinachompita mtu kwa urefu. Huweka maji kwenye majani yake mazito. Vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku, jua likishapoa, kwa hivyo haupotezi maji ovyo. Maua yake ni kama mirija midogo, mekundu yanayoelekea rangi ya machungwa. Chozi huingiza mdomo, anakunywa, anatoka na vumbi la njano usoni na kulipeleka ua linalofuata. Hiyo ndiyo kodi yake.

Usiende kuung'oa porini, tafadhali. Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini kwa sababu watu walikuwa wanaimaliza wakitafuta utomvu, na biashara yake kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Na hata huna haja! Watu wengi huupanda kama ua la boma. Omba tawi kwa mtu mwenye nao, au uliza kwa wauza miche wa kando ya barabara.

Tawi liache kivulini siku kadhaa hadi kidonda kikauke. Chukua ndoo ya rangi iliyoisha, itoboe chini, changanya udongo na mchanga mwingi au kokoto ndogo. Weka juani. Maji mpe udongo ukikauka kabisa; mshubiri mwingi hufa kwa huruma, mizizi inaoza. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa inaweza kufika kilo 30, kwa hivyo iweke kando ya ukuta, na ongea na keateka kwanza. Iwe mbali na kamba za nguo, maana majani yana miiba na nyuki nao watakuja. Watoto wasilambe ule utomvu mchungu.

Dawa ya wadudu sahau. Chozi hulisha makinda yake buibui na vidudu, ukipuliza umewanyima chakula.

Maua hayaji mwezi ujao, tawi linahitaji muda likomae. Yakija, usikate lile shina ukaliweke kwenye chupa sebuleni. Panda ghorofani asubuhi mapema, kabla matatu hazijaanza kelele, ukae kimya karibu na tangi.